Kutoka psi kwa futi hadi kilo kwa mita ya ujazo: majibu matatu kwa kisima kimoja

Swali: Niko mafunzoni kwenye rigi ya visima vya jotoardhi, upande wa Naivasha. Ripoti ya kipimo cha mwamba inasema gradienti ya kupasua mwamba (shinikizo la kuupasua, likigawanywa kwa kina) ni 0.70 psi/ft, yaani pauni kwa inchi ya mraba kwa kila futi, kwenye ncha ya chini ya kesingi (bomba la chuma la kushikilia ukuta wa kisima), kina cha mita 750. Ripoti nyingine ya kisima hicho hicho imeandika 15.83 kPa/m. Tumeambiwa tutoe densiti kwa kg/m³ ili watu wa saruji wajue uji wao wa saruji usivuke uzito gani. Mimi nimepata 1,583. Mwenzangu kapata 1,343. Lahajedwali la rigi linatoa 1,613. Lipi ni sahihi? Na shinikizo linageukaje kuwa densiti wakati ni vitu viwili tofauti?

Jibu: Andika 1,614 kg/m³. Lahajedwali limepungua kwa kilo moja au mbili, na upungufu huo haumdhuru mtu. Jibu lako limepungua kwa asilimia 2, la mwenzako kwa karibu asilimia 17, na kila kosa linajulikana lilikoanzia. Ripoti zenyewe hazigombani hata kidogo: 0.70 psi/ft na 15.83 kPa/m ni kipimo kimoja kilichoandikwa kwa mifumo miwili.

Nianze na swali lako la pili, kwa sababu ukilielewa hilo, majibu yote matatu utayachambua mwenyewe. Katika safu ya kimiminika kilichotulia, kila ukishuka mita moja shinikizo linaongezeka kwa uzito wa kimiminika kilichomo kwenye mita hiyo. Gradienti, basi, ni densiti mara mvutano wa dunia, yaani ρ × g. Ziangalie unit zenyewe: paskali ni newtoni kwa mita ya mraba, kwa hiyo paskali kwa mita ni newtoni kwa mita ya ujazo. Ripoti inaposema 15.83 kPa/m, inasema kwamba mita moja ya ujazo ya kimiminika hicho ina uzito wa kilonewtoni 15.83. Gradienti tayari ni uzito wa ujazo mmoja. Kilichobaki ni kuutoa mvutano wa dunia ndani ya uzito huo ili ibaki tungamo:

15,830 ÷ 9.80665 = 1,614 kg/m³

Wewe umegawanya kwa 10. Darasani g ya 10 inakubalika kwa sababu mtihani unapima kama umeelewa kanuni. Kwenye kisima cha mita 750 inakupotezea kilo 31 katika kila mita ya ujazo, na huo ni upungufu unaoonekana wazi hata kwenye mizani ya tope, ile ya kupimia densiti ya tope la kuchorongea.

Sasa upande wa pauni na futi, ambako watu wengi hukariri 0.052 bila kujua imetoka wapi. Chukua safu ya kimiminika yenye upana wa inchi moja ya mraba na kimo cha futi moja. Futi ni inchi 12, kwa hiyo safu hiyo ina inchi za ujazo 12. Gradienti ikiwa 1 psi/ft, maana yake inchi hizo 12 za ujazo zina uzito wa pauni moja. Galoni ya Marekani ina inchi za ujazo 231. Basi galoni nzima ya kimiminika hicho ina pauni 231 ÷ 12, yaani 19.25 kamili, wala si makadirio. Ukitaka ppg (pauni kwa galoni) kutoka psi/ft, zidisha kwa 19.25. Ukitaka kurudi, zidisha kwa 12/231, ambayo ni 0.051948, na hiyo ndiyo watu wa rigi wameizungusha ikawa 0.052.

0.70 × 19.25 = 13.475 ppg
13.475 × 119.826 (kg/m³ zilizo katika 1 ppg) = 1,614.7 kg/m³

Lahajedwali lenu limegawanya 0.70 kwa 0.052 likapata 13.46 ppg, kisha likafika 1,613. Kosa la 0.052 ni asilimia 0.1. Mizani ya kawaida ya tope imegawanywa kwa 0.1 ppg, ambayo ni karibu 12 kg/m³, kwa hiyo msigombanie 1,613 na 1,614. Mimi napendelea 19.25 kwa sababu mtu akiisahau anaweza kuijenga upya kutoka 231 na 12, akiwa hana simu wala jedwali. Jambo moja limejificha humo: tumeihesabu pauni ya kani na pauni ya tungamo kuwa sawa. Usawa huo ni kweli tu pale g ilipo 9.80665 m/s², thamani sanifu iliyopitishwa na Mkutano Mkuu wa Vipimo mwaka 1901. Kwa hiyo g imo hata kwenye hesabu ambayo haiitaji popote.

Mwenzako alifika vizuri hadi 13.46, kisha akaizidisha kwa 99.776 badala ya 119.826. Hapo amechukua galoni ya Uingereza. Galoni ya Marekani ni ile galoni ya zamani ya mvinyo ya Waingereza, inchi za ujazo 231. Uingereza iliiacha kwa sheria ya vipimo ya mwaka 1824, ikaweka galoni kubwa zaidi iliyotokana na ujazo wa pauni 10 za maji, lita 4.546. Kenya, Uganda na Tanganyika zilirithi hiyo kubwa, na ndiyo maana hadi leo baadhi ya majedwali ya ubadilishaji yanayozunguka kwetu yanaanza nayo. Kwenye visima, ppg ikiandikwa bila maelezo ni ya Marekani, lita 3.785. Njia ya haraka ya kuhakikisha ni maji safi: kwa galoni ya Marekani maji ni 8.33, kwa ya Uingereza ni karibu 10. Ukikuta jedwali linalosema maji ni 10 ppg, weka kando.

Viwango vya kugeuza unavyovihitaji kwa kweli ni vichache:

1 psi/ft = 22.62 kPa/m = 19.25 ppg = 2,306.7 kg/m³
1 kPa/m = bar 1 kwa mita 100 = 101.97 kg/m³
1 ppg = 119.83 kg/m³
Pauni 1 kwa futi ya ujazo = 16.02 kg/m³
1 kgf/cm² kwa mita 10 = 1,000 kg/m³ kamili

Ule wa mwisho utaukuta kwenye ripoti za zamani za wahandisi kutoka bara la Ulaya. Kwa kuwa kilo ya kani tayari imebeba g sanifu ndani yake, namba ya gradienti ni densiti linganifu (densiti ikilinganishwa na ya maji) moja kwa moja, bila hesabu yoyote. Angalia tu usiisome kama bar kwa mita 10, kwani bar ni kubwa kwa karibu asilimia 2, na utarudi kwenye kosa lile lile la g ya 10 kwa mlango mwingine.

Kabla hujaizoea ile g ya 10, tazama kosa linaelekea upande gani. Hapa unatafuta kikomo cha juu: densiti ambayo uji usiivuke. Kupata 1,583 badala ya 1,614 kumekufanya mwoga kupita kiasi, lakini mwamba ungesalimika. Siku utakayotafuta kikomo cha chini, yaani tope zito la kutosha kuzuia maji moto na mvuke visiingie kisimani, kosa hilo hilo litakupa tope jepesi kuliko linalohitajika, na kisima kitaanza kutoa. Kwa hiyo baada ya kugeuza, kikomo cha juu kizungushe kwenda chini, cha chini kizungushe kwenda juu. Ndiyo sababu nimekuandikia 1,614 ingawa 1,614.7 ingezungushwa kuwa 1,615.

Tuipeleke namba hiyo kwenye saruji, kwa sababu ndiyo kazi mliyopewa. Shinikizo linaloruhusiwa kwenye mita 750 ni 15.83 × 750, yaani karibu kPa 11,870. Uji wa saruji wa 1,780 kg/m³ ukijaa kutoka chini hadi juu unatoa 1,780 × 9.80665 × 750, karibu kPa 13,090. Umezidi kwa kPa 1,220, takriban psi 177, na hapo hata msuguano wa kusukuma bado. Kama juu ya uji kuna maji ya 1,000 kg/m³, kimo cha uji kinachovumilika ni karibu mita 590. Mita 160 za juu zinabaki bila saruji. Kwenye kisima cha mafuta pengine wangekubali hivyo. Kwenye jotoardhi hapana, kwa sababu kesingi inapopashwa joto na kisima inataka kurefuka, na ile sehemu isiyoshikwa na saruji inapinda au kukatika kwenye viungio. Basi mna njia tatu: kuupunguza uji uzito, kuweka saruji kwa awamu mbili, au kujazia kutoka juu baada ya awamu ya kwanza kuganda. Uamuzi huo una gharama, na unategemea namba mliyoigeuza. Angetumia 1,343 ya mwenzako, mhandisi angeona hata uji uliopunguzwa uzito hadi 1,550 hauwezekani, wakati unawezekana.

Msuguano nao uhesabu. Uji unaposukumwa unaburuta ukuta wa kisima, na shinikizo la chini linakuwa kubwa kuliko la safu iliyotulia. Kwa mfano, msuguano ukiwa kPa 600 juu ya mita 750, gradienti imeongezeka 0.8 kPa/m, sawa na 82 kg/m³. Uji wa 1,550 unausukuma mwamba kama wa 1,632, na kikomo chako cha 1,614 kimevukwa ingawa mizani bado inasoma 1,550. Punguza kasi ya pampu au punguza uzito.

Hapo tumefika kwenye jambo ambalo naliona kubwa kuliko hesabu yote ya juu. Namba ya kg/m³ inayotoka kwenye gradienti si lazima iwe densiti ya kimiminika chochote kilichopo. Ile 1,614 yenu ni densiti sawia: densiti ambayo kimiminika kingekuwa nayo kama shinikizo lote lingetokana na safu moja, iliyotulia, kutoka juu hadi chini. Hakuna kitu cha 1,614 kilichokuwa kisimani siku ya kipimo. Kulikuwa na tope, mathalani la 1,050, likitoa kPa 7,723, na pampu ikaongeza kPa 4,150 kutoka juu hadi mwamba ukaanza kunywa. Jumla gawanya kwa 750, unapata 15.83.

Kwenye visima vya jotoardhi vya Olkaria, karibu na Naivasha, tofauti hii inaonekana vizuri zaidi unaposoma vipimo vya shinikizo vya kisima kilichofungwa. Tuseme chombo kimesoma bar 41.0 kwenye mita 1,200 na bar 64.4 kwenye mita 1,500. Ukigawanya 64.4 kwa 1,500 unapata bar 4.29 kwa mita 100, ambayo ni 438 kg/m³. Hakuna maji ya densiti hiyo pale. Ukichukua tofauti kati ya pointi mbili, bar 23.4 kwa mita 300, unapata bar 7.8 kwa mita 100, karibu 798 kg/m³. Hayo ni maji ya moto: maji yaliyo kwenye nyuzi 250 za Selsiasi yana densiti ya karibu 799. Kama kati ya pointi mbili gradienti ingekuwa bar 0.2 tu kwa mita 100, ungejua uko ndani ya mvuke, kwa kuwa mvuke wa bar 40 una kilo 20 tu kwa mita ya ujazo. Kugeuza gradienti kuwa densiti kunakuwa njia ya kutambua kilichomo kisimani bila kukiona.

Zote mbili zina kazi, ila ni kazi tofauti. Gradienti ya kati ya pointi mbili inakuambia kimiminika ni nini. Gradienti ya kutoka juu inakuambia safu yako ya kuchorongea inatakiwa iwe na uzito gani ili ilingane na mwamba. Ile 438 inasema kwamba hata maji matupu ni mazito mno kwa tabaka lile, yatazama ndani ya nyufa, na ndiyo maana sehemu za chini za visima hivi huchorongwa kwa maji yaliyochanganywa na hewa, au kwa povu. Mtu akiichukua 438 kama densiti halisi ya maji ya ardhini, au akiichukua 798 kama uzito wa kuchorongea, hesabu yake ya kugeuza itakuwa safi na uamuzi wake utakuwa mbovu.

Kina nacho kinadanganya. Kinachoingia kwenye hesabu ni kina cha wima, si urefu wa bomba lililoshushwa. Kisima cha kuelekezwa chenye mita 3,000 za bomba na mita 2,850 za wima kitakupa gradienti ndogo kwa asilimia 5 ukitumia urefu wa bomba. Uliza pia kina kimepimwa kutoka wapi. Sakafu ya rigi ikiwa mita 8 juu ya ardhi, mmoja akahesabu 750 na mwingine 758, densiti zao zitatofautiana kwa kilo 17 hivi, na kila mmoja ataapa kwamba kikokotoo chake ni kizima.

Geji ya pampu inasoma sifuri hewani. Baadhi ya vyombo vya kushusha kisimani vinasoma shinikizo kamili, pamoja na la hewa. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 hewa ina karibu kPa 80. Ukisahau kuitoa, kwenye mita 750 densiti yako inaongezeka kilo 11. Kwenye mita 3,000 inaongezeka chini ya kilo 3. Kadiri kisima kilivyo kifupi, ndivyo kosa hili linavyouma. Gradienti ya pointi mbili haina shida hii, kwa sababu hewa imo kwenye pointi zote mbili na inafutika.

Mwisho ni g yenyewe. Kwenye ikweta, tena juu ya Bonde la Ufa, g si 9.80665. Ni karibu 9.775, pungufu kwa asilimia 0.3, mara tatu ya lile kosa la 0.052 ambalo watu hulisema sana. Je, ubadilishe hesabu zote? Inategemea shinikizo lilipatikanaje. Kwenye kipimo chenu sehemu kubwa ya shinikizo ilikokotolewa kutoka densiti ya tope kwa g sanifu, halafu mnairudisha kuwa densiti kwa g hiyo hiyo, kwa hiyo kosa linafutika karibu lote na tofauti inayobaki haifiki kilo 2. Lakini shinikizo likiwa limesomwa na chombo chini kisimani, chombo hicho kimehisi uzito wa kweli wa mahali pale, na densiti halisi inapatikana kwa kugawanya kwa 9.775. Ndivyo nilivyopata 798 hapo juu. Kwa g sanifu ingekuwa 795. Kosa linalouma ni kuchanganya: kupanda kwa g moja na kushuka kwa nyingine.

Mizani ya tope haiguswi na hili. Ni mizani ya mkono inayolinganisha tungamo na tungamo, kwa hiyo inasoma namba moja Naivasha na Houston. Mikono mingi ya mizani hiyo imechorwa mistari minne: ppg, pauni kwa futi ya ujazo, densiti linganifu, na psi kwa futi 1,000. Huo wa nne ni gradienti, kwa hiyo mizani yenyewe inakugeuzia bila kalamu. Ijaze maji safi kabla ya kazi: isome 8.33, 62.3, 1.00 na karibu 433. Isipofika hapo, rekebisha kwa vipande vya risasi vilivyo mwishoni mwa mkono. Tope lenye hewa ndani litasoma jepesi kuliko lilivyo chini kisimani, ambako hewa imebanwa, kwa hiyo ligonge kikombe mapovu yatoke, au tumia mizani ya kubana.

Kwenye fomu ya watu wa saruji usiandike namba tupu. Andika hivi: kikomo 1,614 kg/m³, densiti sawia, kwa kina cha wima cha mita 750 kutoka sakafu ya rigi, shinikizo la geji, g 9.80665, kimetokana na 15.83 kPa/m. Kama kina hicho kilipimwa kutoka ardhini na si sakafuni, sahihisha kwanza, ndipo utie sahihi.